Picha ya Tembe Iliyokataa Kuungana: Kisa cha Kuskani Michoro Nyumbani

Picha yenyewe ni ya tembe la Kigogo, lile la paa bapa la udongo, pembeni yake mbuyu na ng'ombe watatu. Imechorwa kwa rangi ya maji kwenye karatasi ya kuchorea ya A3. Kabla ya kuchora kitu kingine chochote, mchoraji alipaka tabaka jembamba la wekundu wa udongo wa Dodoma karatasi nzima, anga na ardhi, kisha akajenga juu yake. Ukuta wa tembe ameupa rangi nzito nyeupe iliyoparuzwa kwa brashi kavu, mpaka ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo.

Mchoraji ni mwalimu mstaafu wa Ipagala, Dodoma. Binti yake alitaka kuziingiza picha za baba kwenye kompyuta kwa sababu mbili. Ya kwanza mchwa, ambao walishaonja pembe ya bahasha mojawapo iliyokuwa chini ya kitanda. Ya pili mteja: mtu anayefanya kazi kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba aliiona picha ya tembe kwenye simu, akataka nakala ya A2 ya kutundika ofisini.

Nyumbani kulikuwa na printa, zile zinazochapa, kutoa kopi na kuskani, kioo chake cha A4. Binti akaskani nusu ya kwanza, akaigeuza karatasi, akaskani nusu ya pili, akaziunga kwa programu. Ikatoka picha yenye mstari katikati. Upande wa kushoto anga ni nyekundu, wa kulia imepauka kama jivu. Zaidi ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hata aliponipigia simu alishindwa kulieleza: ukuta wa tembe ulionekana umetuna upande mmoja na kubonyea upande wa pili.

Ushauri haukukosekana. Wa steshenari alimwambia apandishe dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi, hadi 1200. Jirani anayesoma kompyuta akamwambia abadilishe programu. Akafanya yote mawili. Kwa 1200 dpi laptopu ikakwama, na programu mpya ikasema haioni sehemu ambazo vipande viwili vinafanana.

Nilipofika niliomba vipande vibichi, yaani faili zilivyotoka kwenye skana kabla hazijaunganishwa. Picha iliyokwisha kuungwa haina msaada mkubwa kwa mtafuta kasoro, maana programu imeshaivuta, imeipinda na kuificha nusu ya ushahidi. Kwenye vipande vibichi mambo yalijieleza haraka: hapakuwa na kasoro moja, zilikuwa tatu zimepandana, na kila moja ilikuwa inaisingizia nyingine.

Nianze na ya rangi kwa sababu ndiyo nyepesi. Programu ya printa ilikuwa imeachwa kwenye kujirekebisha yenyewe. Katika hali hiyo skana hupima kila kipande peke yake, ikaamua wapi ni peupe, wapi ni peusi, na kama kuna rangi iliyotapakaa kupita kiasi. Kipande cha kulia kilikuwa na anga tupu na ardhi, vyote viwili vyekundu. Mashine ikadhani ni picha ya zamani iliyogeuka rangi, ikaamua kuiponya. Ule wekundu alioupaka Mwalimu kwa makusudi ulichukuliwa kuwa ugonjwa. Kipande cha kushoto kilikuwa na ukuta mweupe, mashine ikapata pa kushikilia, haikugusa sana. Dawa ni kuzima marekebisho yote: rangi, mwangaza, kunoa kingo, kuondoa vumbi. Vipande vyote vya picha moja vitoke kwa mipangilio ile ile, hata kama vitaonekana vimefifia. Kufifia kunarekebishika baadaye kwa picha nzima mara moja. Vipande viwili vilivyorekebishwa kila kimoja kivyake ni kazi ya usiku kucha kuvipatanisha, na hata hivyo havipatani.

Kasoro ya pili ilikuwa ya vipimo. A3 ni A4 mbili, kila mtu anajua, hivyo inaonekana kioo cha A4 kikitumika mara mbili kazi imekwisha. Tuhesabu. Kioo cha kawaida kina upana wa milimita 216 hivi na urefu wa 297. Karatasi ya A3 ina 420 kwa 297. Upana wa vioo viwili ni 432. Ukitoa 420 zinabaki milimita 12 tu za vipande kupandana, na hizo 12 ziko pembeni kabisa mwa kioo. Pembeni ndipo pabaya. Kioo kimekaa chini kidogo ya fremu ya plastiki inayokizunguka, kwa hiyo karatasi kubwa kuliko kioo hupanda juu ya ukingo, ikainuka.

Kuinuka kidogo hakungekuwa tatizo kwenye kila skana. Zipo zenye lenzi na vioo vya kuakisi ndani, nzito na nene, ambazo huona vizuri hata kitu kilichoinuka milimita kadhaa. Nyingi za siku hizi, pamoja na hizi za juu ya printa na zile nyembamba za waya wa USB pekee, zina mstari wa vihisi unaotembea karibu kabisa na kioo, na uoni wake ni wa chini ya milimita moja hivi. Karatasi ikiachana na kioo kidogo tu, ukungu. Ndiyo maana programu ya kuunganisha ilisema haioni mfanano: ilipewa ukanda wa milimita 12 za ukungu upande huu na nyingine 12 za ukungu upande ule. Kupandisha dpi hapo ni kuukuza ukungu.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniweka pale sebuleni hadi jioni, na ndiyo hasa sababu ya kuandika kisa hiki.

Ukuta ule wa tembe. Kushoto mikwaruzo ya brashi imetuna, kulia imebonyea, na ni mikwaruzo ile ile, ya mkono ule ule, ya siku ile ile. Marekebisho ya rangi hayawezi kufanya hivyo, na karatasi iliyoinuka huleta ukungu tu. Anayeweza ni mwanga. Ndani ya skana kama hii taa imekaa upande mmoja wa kihisi, inasafiri pamoja nacho, na inamulika kwa mshazari. Kwenye karatasi laini ya hati hutagundua. Kwenye kitu chenye mwinuko, hata wa unywele, kila kituta hupata upande wenye nuru na upande wenye kivuli. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Kivuli kikiwa chini ya kituta tunaona mwinuko, kikiwa juu yake tunaona shimo.

Sasa, binti aliigeuza karatasi. Hakuwa na namna. Mfuniko wa printa ile umeshikwa na bawaba upande mrefu wa nyuma, haung'oki, na karatasi inaweza kuchomoza mbele tu. Nusu ya kwanza iliingia vizuri. Ili nusu ya pili ifike kwenye kioo ilibidi karatasi izungushwe, kichwa kikawa miguu. Baadaye kwenye kompyuta akakizungusha kipande kurudi wima, na mwanga nao ukazunguka. Akawa na picha moja yenye jua mbili zinazotazamana. Hakuna programu ya kuunganisha inayotibu hilo, kwa sababu kivuli kimeshakuwa sehemu ya picha.

Alinitazama kama mtu anayeuziwa kitu. Basi tukafanya jaribio ambalo kila mwenye skana anaweza kulifanya nyumbani: chukua karatasi nyeupe, ifinyange, inyooshe, iskani. Izungushe nusu mzunguko, iskani tena. Kwenye kompyuta irudishe ya pili wima, uziweke mbili pamoja. Mikunjo iliyokuwa milima sasa ni mabonde. Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni na redio yake, akainuka kuja kuona. Akasema yeye amefundisha ramani miaka mingi, na vilima vya ramani huwekewa kivuli kana kwamba mwanga unatoka juu kushoto kwa sababu hiyo hiyo. Niliona aibu kidogo kwamba sikuwa nimeanzia hapo kumweleza, kwake yeye ingechukua sentensi moja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuskani mchoro kwa vipande ni kwamba karatasi inasogezwa, haizungushwi. Na ili isogee bila kuzungushwa inatakiwa skana ambayo mfuniko wake unatoka, ikawa kioo kitupu kilicho wazi pande zote. Nilikuwa na moja ya zile nyembamba za USB. Mfuniko wake unavutwa tu juu, unatoka. Uzuri mwingine ni kwamba inakula umeme wa laptopu. Umeme wa nyumba ukikatika katikati ya kazi, yenyewe inaendelea, na huna kipande kilichokatwa njiani.

Tukaacha vipande viwili, tukaenda vitatu. Mara tatu 216 ni 648. Ukitoa 420 zinabaki 228, yaani kila kipande kinapandana na jirani yake milimita 114. Hapo unaweza kutupa pembe zote zenye ukungu na bado ukabaki na eneo safi la kutosha kuunganishia. Urefu wa 297 haukutusumbua kwa sababu Mwalimu ana tabia njema ya kubandika tepu ya karatasi pembeni kabla ya kuchora, kwa hiyo picha yenyewe haifiki ukingoni. Ingekuwa imejaa hadi mwisho tungehitaji safu mbili, vipande sita.

Ili karatasi ilale juu ya kioo tulikata kipande cha hardbodi kinachoingia ndani ya ukingo wa plastiki, tukakifunika kwa sponji nyembamba, juu yake kitabu kimoja. Kimoja. Kioo cha skana nyembamba kinapinda, na kihisi kiko chini yake pale pale. Juu ya yote tukatandika kitambaa cheusi, maana bila mfuniko mwanga wa dirishani huingia pembeni, na jua la Dodoma la saa saba mchana halizuiliki kwa pazia la kawaida.

Vumbi nalo. Kiangazi hapa si cha mchezo. Kati ya Julai na Oktoba upepo unaweza kukuletea uwanja wa jirani hadi mezani. Kuna njia rahisi ya kujua vumbi liko wapi: doa linalobaki mahali pale pale kwenye kila kipande liko kwenye kioo, doa linalohama pamoja na mbuyu liko kwenye picha. La kwenye kioo unalipuliza kwa kipulizio cha mpira, na ukilazimika kufuta tumia kitambaa laini kisicho na maji mengi. Ukisugua kioo kwa kitambaa kikavu kwenye hewa kavu unakitia chaji, na vumbi lote la chumba linakuja kwako. La kwenye picha, liache. Rangi ya maji haifutwi kwa kitu chochote. Pia kipande kikimalizika, karatasi inanyanyuliwa na kuwekwa, haiburuzwi, kwa kuwa imelala kifudifudi na ile rangi nzito nyeupe inaweza kumeguka.

Kuhusu dpi, hesabu inaanza na mteja. Kutoka A3 kwenda A2 picha inakuzwa kwa takriban mara 1.41. Printi nzuri ya kutazamwa kwa karibu inataka 300 dpi, kwa hiyo kuskani kunataka 425 hivi. Tukachagua 600, tukabaki na akiba. A3 nzima kwa 600 dpi ni pikseli 7,016 kwa 9,921, karibu milioni 70. Faili isiyobanwa, ya rangi za kawaida za biti 24, ni megabaiti 209 hivi. Ya biti 48 ni mara mbili yake. Kwa 1200 dpi idadi ya pikseli zote na ukubwa wa faili vinazidishwa mara nne, na laptopu ya RAM ya GB 4 inalala. Mtu wa steshenari hakuwa na nia mbaya, ila alijibu swali ambalo halikuwepo.

Vipande vilihifadhiwa TIFF, si JPEG, kwa sababu JPEG hutupa sehemu ya taarifa kila unapoihifadhi upya. Kuunganisha kulifanyika kwa mkono kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: vipande vitatu kwenye safu tatu zinazolala moja juu ya nyingine, ya juu ikawekwa kwenye modi ya kuonyesha tofauti. Safu mbili zikikaa sawasawa, sehemu zinazopandana zinakuwa nyeusi tii. Zikipishana hata kidogo, kingo zinang'aa. Ipo Hugin, programu ya kuunganisha picha, ambayo ni nzuri, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kamera inayozunguka mahali pamoja, na usipoieleza kwamba picha zako ni bapa itazipinda kama upeo wa macho. Kwa vipande vitatu mkono unatosha. Kiungo chenyewe tulikipitisha kwenye shina la mbuyu na mstari wa paa, mahali ambapo jicho lina kitu kingine cha kutazama. Kiungo kinachokata anga tupu huonekana hata kikiwa kizuri.

Mstari ulitoweka. Rangi, bado kidogo.

Skana za aina hii hazina taa nyeupe moja. Zina taa ndogo nyekundu, kijani na buluu zinazowaka kwa zamu, haraka sana. Kwa hiyo haioni rangi kama sisi tunavyoiona barazani. Inauliza maswali matatu tu, na rangi mbili ambazo kwa macho ni moja zinaweza kuipa majibu tofauti. Wekundu wa udongo ulirudi vizuri. Buluu ya milima ya mbali iliegemea zambarau. Zipo kadi maalumu za kupimia rangi, ila ni za kuagiza na kazi hii haikuzihitaji. Nilimwomba Mwalimu apake vibaka vya rangi zake zote kwenye kipande cha karatasi ile ile, bila kuchanganya, kisha na vile vyekundu na buluu anavyovichanganya mara kwa mara. Tukakiskani kwa mipangilio ile ile, tukarekebisha mpaka vibaka kwenye printi ndogo vifanane na vibaka vya mkononi, tukivitazama kivulini saa nne asubuhi, si chini ya taa ya sebuleni. Marekebisho hayo yakapelekwa kwenye picha ya tembe na kwenye nyingine zote za rangi zile zile. Kipande kile kina thamani kuliko programu yoyote niliyonayo, na kimetengenezwa na mtu pekee anayejua buluu ile ilitakiwa iweje.

Si kila kilichokuwa kwenye bahasha kiliwekwa kwenye kioo. Michoro ya mkaa tuliitenga mara moja: ukiilaza kifudifudi inaacha unga kwenye kioo, na picha inayofuata inaubeba. Picha za akriliki za miaka ya karibuni nazo zilisubiri, kwani akriliki hulainika kwa joto na mwezi wa Novemba hapa inaweza kushikana na kioo. Picha za mafuta zina matuta makubwa kuliko uoni wa skana. Na kulikuwa na ubao mmoja wa chui, rangi ya enameli juu ya hardbodi, kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Rangi ile inang'aa kama bati jipya, na kila ukingo wa brashi unarudisha taa ya skana kama cheche.

Hizo zote ni kazi ya kamera: picha imesimama wima, kamera inaitazama sawasawa katikati, mwanga laini wa kivulini unatoka pande mbili. Barazani panafaa, ila tazama sakafu. Baraza la Mwalimu limepakwa rangi nyekundu, na sakafu nyekundu huakisi wekundu wake kwa kila kilicho juu yake. Tulitandika shuka jeupe.

Kuna mabishano mawili niyaseme. Binti alitaka doa la chai lililo pembeni ya ng'ombe wa tatu lifutwe. Mwalimu akakataa, akasema chai ile anaikumbuka. Tukatengeneza faili mbili: moja kama karatasi ilivyo, ambayo haiguswi tena, na nyingine ya kazi, ambamo doa limefutwa kwa ajili ya printi. Hili si la kifamilia tu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipokuwa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro ya miambani, kila mstari aliofuatisha ulikuwa uamuzi: huu ni mchoro, ule ni ufa wa jiwe. Anayefuta doa anaamua vivyo hivyo, tofauti ni kwamba kwenye kompyuta unaweza kuyaweka maamuzi yote mawili.

Pili, nilisisitiza tuskani na migongo ya karatasi. Binti aliona ni kupoteza muda. Nyuma ya picha ya tembe kuna maandishi ya penseli: jina la kijiji, mwezi, na maneno "mwenye nyumba hakutaka hela". Majina ya faili yote yametokana na migongo hiyo.

Nakala ziko kwenye diski mbili za nje, moja nyumbani na moja kwa kaka yake Singida. Printi ya A2 ilichapwa, mteja akaridhika, kisha akaomba apewe na faili ili achape nyingine mwenyewe siku akihamia ofisi kubwa. Mwalimu akaniuliza, "Mwanangu, hapo sheria inasemaje?" Nikamwambia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mchoraji haki ya kunakili maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kuuza karatasi si kuuza haki hiyo. Mteja alipewa faili ndogo ya JPEG, pikseli 1,500 upande mrefu, inayotosha kwa simu. Kubwa ilibaki Ipagala.